Vipimo safi, moyo mzima, na bado nahisi nakufa

Nianze na vidole, maana siku hofu kali iliponivamia ghafla, ile madaktari wanayoiita panic attack, ndivyo vilivyonitisha kuliko hata moyo. Vilikufa ganzi kimoja kimoja, kisha kiganja chote, kisha midomo ikawa nzito kama nimetoka kung'olewa jino. Wakati huohuo moyo unadunda mpaka nauona kwenye kitambaa cha blauzi. Kifua kimebana, jasho la baridi linateremka mgongoni, tumbo linataka choo, na pumzi haifiki chini hata nivute vipi. Katikati ya yote hayo kichwa kinarudia jambo moja tu: unakufa, na unafia mbele za watu.

Hapo pa kufia palikuwa Magogoni, kwenye kivuko cha Dar es Salaam. Naishi Kigamboni na nafanya kazi mjini, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo pantoni ndiyo njia yangu asubuhi na jioni. Anayevuka pale anajua. Unagonga N-Card, ile kadi ya kulipia nauli, unaingia sehemu ya kusubiria, geti limefungwa, watu wamejaa, wa nyuma wanasukuma, joto, harufu ya samaki kutoka soko la Feri pale jirani, na muuza karanga anapita kwenye upenyo ambao haupo. Geti likifunguliwa ni mbio. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ila mkishafika katikati ya maji hakuna cha kumwambia konda "shusha".

Ilikuwa jioni ya mwezi wa pili, lile joto la Dar ambalo hata usiku halipungui. Wiki hiyo kontena la mteja lilikuwa limekwama, gharama za storeji zinasoma, bosi anapiga, mteja anapiga. Mchana sikula, nilikunywa kahawa na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mama mmoja wa baibui alinishika mkono, akanikalisha chini, akanifungulia kifungo cha shingoni na kuanza kunipepea kwa khanga.

"Mwanangu, una mimba?"

Sikuwa nayo. Lakini kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na jibu lake. Zahanati ya kwanza waliniambia nina taifodi na UTI, ile pea inayotembea pamoja hapa mjini utadhani mapacha, nikarudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Mama yangu akasema ni presha. Dada tunayekaa naye meza moja ofisini akasema vidonda vya tumbo. Wifi akasema, kwa upole, tumwite shehe anisomee. Nilimeza, niliacha pilipili, nilisomewa. Kisomo kilinipa usingizi kweli, na bado naona kina nafasi yake, lakini jioni Magogoni ilikuwa Magogoni ileile.

Hospitali niliyokwenda baadaye ndiyo iliyonipima kwa utulivu. Walichukua damu waangalie wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu damu ikipungua au tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi moyo unaweza kwenda mbio pia. Kisha wakanilaza, wakanibandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Na ikanianza palepale kitandani. Daktari, kijana mdogo tu, hakuhangaika. Alinibana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, akanigeuzia kioo nikione mwenyewe. Mapigo 128. Oksijeni 99.

"Dada, unasema hewa haiingii?"

"Haiingii kabisa, daktari."

"Hebu soma namba ya juu."

Nikasoma. Tisini na tisa kwa mia.

"Hewa unayo mpaka ya ziada," akasema. "Ndiyo maana vidole vimekufa ganzi."

Hapo alivuta kiti akanieleza, na maelezo yale yalinifaa kuliko dawa zote nilizokuwa nimemeza. Ubongo ukiamini kuna hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili damu iende kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mikono, ukimbie au upigane. Tumbo linasimamishwa kazi kwanza, ndiyo kichefuchefu. Jasho linatoka kupoza mwili. Misuli inakaza, ndiyo kifua kubana na mikono kutetemeka. Na mtu anahema haraka haraka. Kama kweli unakimbizwa, hewa hiyo ingetumika. Mimi nimesimama kwenye foleni, sikimbii kokote. Kwa hiyo natoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, ikipungua kwenye damu mishipa ya kichwani inasinyaa kidogo, kizunguzungu kinakuja, neva za vidoleni na mdomoni zinaanza kucheza. Mwili unahisi kukosa hewa, nami navuta zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Nikamuuliza kuhusu kuzimia, maana hofu yangu kubwa ilikuwa kuanguka watu wanikanyage. Akanipima presha pale pale: 148 kwa 92. Akasema kwa kawaida mtu huzimia presha ikishuka ghafla, na hofu ya namna hii huipandisha. Akaniambia pia lini nisijidanganye kuwa ni wasiwasi tu: maumivu ya kifua yanayokuja nikifanya kazi nzito na kupoa nikipumzika, yanayosambaa kwenda mkononi au kwenye taya, kuzimia kweli, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi nikilala chali. Hayo ni ya kukimbilia hospitali. Na mtu ambaye hajawahi kupimwa, aanze na kupimwa.

Nilitoka pale nimefurahi, na asubuhi yake nikapanda daladala inayopita darajani.

Daraja la Kigamboni, lile la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016, lilikuwa rafiki yangu kwa miezi. Njia ndefu, foleni, nauli zaidi, nafika ofisini nimechelewa, lakini sipandi pantoni na naweza kushuka nikitaka. Ubaya ni kwamba hofu haikubaki Feri. Ikahamia kwenye basi la mwendokasi, lile la jioni ambayo mlango unafungwa kwa kusukumana. Kisha foleni ya benki. Kisha harusi ya binamu yangu, ambapo nilichagua kiti karibu na mlango na nikala wali nimeshika mkoba mapajani. Nikaanza kujipima mapigo shingoni kila saa. Usiku nasaka dalili kwenye simu mpaka saa nane. Mume wangu naye, kwa mapenzi tu, akawa ananiuliza "uko sawa?" kila dakika, na kila akiniuliza najikagua kama kweli niko sawa.

Yule daktari alikuwa ameniandikia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili. Ilikaa kwenye pochi. Mtu wa Tanzania akisikia afya ya akili anafikiria Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na mimi nina wakwe. Nilikwenda siku niliyoshindwa kupanda hata daladala ya darajani.

Nilikuta watu wa kawaida wamekaa kwenye mabenchi wakiangalia simu zao. Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilitegemea atanifundisha kutulia. Badala yake, siku ya pili akaniuliza kama nina pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba, akasoma vipimo vyangu vyote, kisha akasema:

"Haya, leo tutaileta sisi wenyewe."

Akashika saa. Akaniambia niheme kwa nguvu na haraka kwa dakika moja, kama mtu aliyepanda mlima. Nilimwona amerukwa. Sekunde ya ishirini kichwa kikawa chepesi. Ya arobaini vidole vikaanza, vilevile, kwa mpangilio uleule, na midomo ikafuata. Nikataka kusimama. "Kaa," akasema, "usifanye kitu, angalia tu." Nikakaa nimekodoa macho kwenye vidole vyangu. Ganzi ikabaki kidogo, ikaanza kuondoka yenyewe. Hakuna maji niliyokunywa, hakuna dirisha lililofunguliwa. Kitu nilichokiita kifo nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe kwenye kiti cha plastiki kwa pumzi zangu, na kimepita.

Yale yakawa mazoezi ya nyumbani. Kupumua kwa mrija huku nimebana pua. Kukimbia papo hapo mpaka moyo udunde. Kuzunguka katikati ya sebule mpaka nipate kizunguzungu, zoezi ambalo binti yangu wa darasa la kwanza alilidhani mchezo, tukawa tunazunguka wote na kuanguka kwenye mkeka, yeye anacheka, mimi nina kichefuchefu. Lengo ni mwili uzoee kwamba moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio, basi.

Kuhusu pumzi, watu wengi wataanza kukufundisha hapo. Nami nilifundishwa: mkono tumboni, vuta kwa pua polepole kwa hesabu ya nne, tumbo lipande, toa kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza kasi ya moyo, nimeliona hilo nikijipima. Lakini yule mama alinionya nisiligeuze silaha. Nikihema polepole huku kichwani nasema "ikome, ikome", ninauambia mwili kwamba kweli kuna hatari. Kwa hiyo zoezi hilo nalifanya kitandani usiku, na kwenye geti nafanya moja tu, kushusha mabega na kuachia taya, halafu naiacha hofu ifanye kazi yake. Zile habari za kupumulia kwenye mfuko achana nazo. Wataalamu hawazishauri tena, kwa sababu mwenye pumu au tatizo la kweli la moyo anaweza kujidhuru.

Kurudi pantoni tulipanga kwa hatua, kama ngazi. Kwanza kusimama nje ya geti Magogoni na kuangalia tu watu wakipita. Halafu kuvuka Jumamosi saa tano asubuhi, watu wachache, mume wangu kando. Halafu yeye atangulie na pantoni ya mbele. Halafu peke yangu. Mwisho saa kumi na moja jioni siku ya kazi. Sharti lilikuwa moja: nisigeuze mpaka hofu ishuke yenyewe. Nilikuwa na daftari dogo, naandika hofu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Jioni moja niliandika tisa nimebanwa kati ya baba mwenye baiskeli na ndoo ya dagaa, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Hofu ya namna hii mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi. Tulipogusa Kigamboni ilikuwa sita. Nikakaa kwenye benchi la bodaboda mpaka ikawa tatu, ndipo nikaenda nyumbani. Dereva mmoja aliniuliza mara mbili kama naondoka au nalala.

Si kila kitu kilinifaa. Lile zoezi la kukaza na kulegeza misuli kuanzia vidole vya miguu mpaka kichwani linanichosha, sijawahi kulimaliza. Kahawa nimebakiza kikombe kimoja cha asubuhi, na vinywaji vya kuongeza nguvu nimeacha kabisa, kwa sababu kafeini peke yake inaweza kukupa mapigo ya mbio na mikono ya kutetemeka, na sikuona sababu ya kuinunua dukani. Nakula mchana hata kontena liwe limelala wapi. Kupima mapigo shingoni nilipigwa marufuku. Mume wangu aliitwa kliniki akaambiwa aache kuniuliza "uko sawa?", alisema "sawa mama" na bado akaniuliza kwenye daladala tulipokuwa tunarudi.

Dawa pia nilitumia. Daktari wa pale aliniandikia sertralini, akaniambia mapema kwamba siku za mwanzo inaweza kunifanya nihangaike zaidi na kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa. Bila kuambiwa hivyo ningeitupa, maana wiki ya kwanza tumbo lilivurugika na usingizi ukapotea. Mwenzangu ofisini alikuwa ananipa diazepamu ya mjomba wake, "nusu tu, utalala". Ile inatuliza haraka kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo, mwili unaizoea na kuiacha ni kazi. Nilimrudishia kwa asante nyingi, akanuna kidogo.

Sasa navuka kama kawaida. Ikija, na huja hasa siku ambazo sijalala vizuri, vidole vinakufa ganzi na mimi naendelea kubishana na mteja kwenye simu. Dozi ya sertralini nimeanza kupunguziwa, polepole, kwa ratiba ya daktari, kwa kuwa kuiacha ghafla kunaleta kizunguzungu na vurugu zake. Ofisi yetu iko ghorofa ya tano, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisema napanda ngazi kwa ajili ya afya. Yule mama kaniangalia juu ya miwani, kaandika "lifti" kwenye faili, na Jumatatu tunaanza.