Pole Niliyoisema kwa Kiingereza

Nilikuwa na miezi minne tu kazini, katika nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Hamilton, jimbo la Ontario nchini Kanada, siku mwenzangu wa zamu alipoteleza kwenye korido na kuanguka kwa kishindo, trei ya chai ikiwa mkononi. Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka kwake, nikisukuma kiti cha magurudumu, lakini mdomo haukuingoja miguu: "Sorry! Sorry! So sorry!" Nikakimbia kumwinua. Jioni yake msimamizi aliniita ofisini, akanipa fomu ya kueleza tukio, kisha akaniuliza kwa upole kabisa ni saa ngapi nilikuwa nimepiga deki ile korido. Sikuwa nimepiga deki. Kilichonifikisha ofisini ni lile neno, kwa kuwa waliolisikia walielewa kwamba nimekiri.

Nikiwa shule ya msingi pale Kirumba, mjini Mwanza, mwalimu wetu aliandika ubaoni kwamba "sorry" ni "pole", na katika somo jingine akaandika kwamba ni "samahani", na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuuliza inakuwaje. Kwetu maneno hayo mawili hayagusani. Samahani hutolewa na aliyekosa, ilhali pole haimtafuti mkosaji. Humtafuta aliyeumia tu, au aliyechoka, au aliyetoka safari, na hata aliyepaliwa na chai. Alfajiri pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wanawake wanaosubiri dagaa huwaambia wanaume wanaoshusha mizigo kutoka kwenye mitumbwi, "Poleni na kazi," na hakuna anayedhani kwamba wao ndio waliowatuma ziwani. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, nikiwa bado mtoto, nakumbuka watu wakipeana pole njiani bila kuulizana kwanza kama yupo aliyefiwa.

"Sorry" nayo inaweza kubeba pole, lakini huhitaji kushikwa mkono. Mwingereza au Mkanada anayekupa pole ya msiba hutaja jambo lenyewe, "I'm sorry for your loss," na anayesikia habari mbaya husema, "I'm sorry to hear that." Likirushwa peke yake, kama nilivyolirusha mimi, huangukia upande wa samahani. Likitamkwa kwa sauti inayopanda mwishoni, humaanisha kwamba sikukusikia, hebu rudia. Na likitangulia nomino, kama katika "a sorry sight", husimulia hali duni ya kusikitisha. Matumizi haya mawili ya mwisho hayakunisumbua sana. Lile la kurushwa peke yake ndilo lililonigharimu fomu ya kurasa tatu.

Baadaye niligundua kwamba neno lenyewe halikuzaliwa likiomba radhi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu au jeraha, shina lile lile lililozaa "sore". Wengi hudhani ni mtoto wa "sorrow", lakini hilo lina asili nyingine, na mfanano wao umekuja kwa kukaa jirani muda mrefu. Kwa hiyo aliyesema "sorry" zamani alikuwa akisema kwamba anaumia, na kuomba radhi kukafuata baadaye. Lipo pia "alas", neno la majonzi ambalo leo hulikuti ila katika maandishi ya kale au katika utani; lilitoka katika Kifaransa cha zamani, na nusu yake ni neno la Kilatini "lassus", lenye maana ya aliyechoka. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wale wanawake wa Mwaloni na pole yao ya kazi.

Hata wenye lugha limewatatiza. Mwaka 2009 Ontario ilipitisha sheria inayosema kwamba kuomba radhi, ikiwa ni pamoja na kutamka "sorry", hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa katika kesi ya madai. Nilicheka peke yangu: bunge zima lilikaa kitako kutunga sheria juu ya shaka ambayo mtoto wa Kirumba huimaliza kwa kuchagua neno.

Kicheko hicho kilinirudia. Baba yangu mdogo alipofariki, nilifika Mwanza siku ya tatu baada ya maziko, baada ya miaka tisa ya kuishi ndani ya "sorry". Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani chini ya turubai, katikati ya wanawake wenzake. Niliinama, nikamshika mikono yote miwili, nikasema, "Samahani sana, mama mdogo."

Wanawake walitazamana. Baadhi yao, nilikuja kuambiwa, walidhani naomba radhi kwa kuchelewa, na mmoja aliamini kabisa kwamba nimekuja bila rambirambi. Mama mdogo alinitazama usoni.

"Samahani ya nini, mwanangu? Kwani umemfanya nini baba yako?"

Nilimeza mate, nikaanza upya.

"Pole, mama mdogo. Pole sana na msiba."

"Asante, tumeshapoa," akasema, akasogea mkekani nipate pa kukaa.