Sita, tisa na mbegu za ubuyu

Ukibandika ubaoni kadi za maneno ya namba kuanzia moja hadi kumi, watoto wa darasa la awali watakusomea zote bila kukosea, na huenda hakuna hata mmoja aliyesoma. Wanafuata wimbo wa kuhesabu. Ndiyo maana kadi zangu nazichanganya tangu siku ya kwanza.

Nakata boksi vipande vya sentimita 10 kwa 20. Mbele naandika neno kwa maka peni, herufi ndogo kama za kitabuni. Tarakimu inakaa nyuma. Vikikaa upande mmoja, jicho linakimbilia tarakimu. Mtoto anasoma neno, anapanga mbegu kando ya kadi, ndipo anaigeuza kujihakiki.

Nilianza na vizibo vya soda, nikaviacha. Kadi inasema mbili, mdomo unasema vizibo viwili, basi mtoto anatafuta "viwili" haioni. Mbegu za ubuyu hazina shida hiyo: mbegu moja, mbegu mbili, mbegu tatu, neno ni lilelile. Hapa Dodoma hazikosekani. Zioshe rangi na sukari zikauke, la sivyo kopo litajaa sisimizi. Vizibo vinarudi baadaye, kadi zikishazoeleka, ili waone mbili ikigeuka viwili na nne ikigeuka vinne, huku sita, saba, tisa na kumi zikibaki zilivyo.

Natanguliza moja, tano na kumi kwa sababu hazifanani, kisha naongeza kadi mbili kwa wiki.

Kazi kubwa ni sita na tisa. Herufi ni zilezile. I na a hazihami, s na t tu ndizo zimebadilishana nafasi. Sizifundishi wiki moja. Tisa inasubiri mpaka sita isomwe bila kusita (samahani) katikati ya nyingine. Zikikutana, nafunika silabi ya mwisho kwa kidole na kuuliza: si au ti? Wakifika sitini na tisini mtego ni huohuo.

Nne na nane, makofi ya silabi hayasaidii: n-ne, na-ne, yote makofi mawili. Kinachotofautisha ni a ile ya silabi ya kwanza ya nane. Bahati nzuri wengi wameshaliona neno Nanenane kwenye daladala za Nzuguni. Naandika nanenane ubaoni, nafuta nusu. Kilichobaki wanakisoma kwa kelele.