Jiwe ndani ya muvule

Jana mutoto wangu aliniuliza eti mawe inaotaka kama miti, na mimi nikanyamaza, akili ilisharudi mu atelie ya baba mukubwa.

Ilikuwa kisha volkano ya 2002. Ile 17 mwezi wa kwanza Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya muji wa Goma, nyumba yetu ikaenda, yake nayo ikaenda, tukajenga za mbao juu ya lava yenyewe. Mama akataka angalau mulango ukuwe wa muvule, juu mchwa hauupendi na mvua haiuozeshi haraka. Mbao zikatoka upande wa Beni, baba mukubwa akaanza kazi, mimi nikawa wa kushika mwisho wa ubao.

Muvule ukikatwa mupya uko wa njano njano, jua njo inaugeuza rangi ya kahawia. Vumbi yake kali sana, inawasha pua, tulipiga chafya asubuhi yote. Baba mukubwa alikuwa anapitisha rabo, ile randa ya kulainisha ubao, maranda inajikunja inaanguka kwa miguu yangu, mara akasimama. Mimi sikuona kitu. Akaweka kidole fasi yenye ubao ulikuwa mweusi kidogo kuliko pengine, akapapasa, akagonga, akasema, “Hapa kuko jiwe.”

“Jiwe mu ubao, baba mukubwa?”

“Ngoja.”

Akaweka rabo chini, juu kisu yake ikigonga pale inavunjika meno, akachukua patasi. Alifukua polepole, akizunguka, bila kulipiga lenyewe, jasho inamutoka na mimi nimeinama mpaka karibu nimuzibie mwangaza, lakini hakunifukuza. Likatoka kajiwe keupe keupe, kagumu, kadogo kama haragi. Akakafuta na shati yake, akakaweka mu mukono yangu.

“Mawe ya Goma yote inatoka mu mulima. Hii, muti ulijitengenezea. Uliumia fasi hii, njo ukaweka jiwe.”

Nilikuja kukapeleka kwa mwalimu wa shimi, ni kusema kemia, akakakwangua, akadondosha asidi kwa unga yake, ikatoa povu: ni aina ya chokaa, muvule unaifanyaka kweli, na wenye kusoma miti wanasema mara nyingi ni pale muti uliumizwa. Nilifurahi sana juu ya baba mukubwa siku ile, hakuwa amesoma mingi.

Mama alitaka ubao ubadilishwe. Akakataa kabisa, akaziba shimo na kipande cha muvule ule ule na kole, akasema mulango utadumu. Umedumu. 2021 volkano ikarudi, tukakimbilia Sake, tukarudi tukaukuta.

Baba mukubwa hakuongeaka juu ya nyumba yake yenye iliungua, hata siku moja. Basi najiuliza kama pale alikuwa ananiambia ya muti tu. Pengine ndiyo, alikuwa fundi, mbao njo ilikuwa maneno yake. Siku zingine naona hapana, na sikumuuliza wakati alikuwa angali hai.