Asali ndani ya jina la kisukari

Mjomba wangu, mrina asali wa Sikonge mkoani Tabora, alipoambiwa kwamba ana kisukari alikataa katakata. "Mpwa wangu, sukari ya dukani mimi siigusi, chai yangu naikoleza kwa asali. Hiyo sukari imeingilia wapi?" Lugha yenyewe ilikuwa upande wake, kwa kuwa anayesikia neno kisukari hudhani moja kwa moja kwamba sukari ya kwenye kikombe ndiyo iliyoleta ugonjwa, ilhali jina hilo linataja dalili, halitaji chanzo.

Jina la kitabibu, diabetes mellitus, lingemshangaza zaidi. Neno la kwanza ni la Kigiriki na lina asili ya kitenzi chenye maana ya kupita katikati. Ndilo lililotumika pia kwa mrija wa kuhamishia maji, mithili ya mpira ambao vijana wa gereji hunyonyea dizeli kwenye tangi. Katika karne ya 2, tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliandika kwamba nyama za mgonjwa huyeyuka na kutoka kama mkojo. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni yenye utamu wa asali. Thomas Willis wa Uingereza, katika karne ya 17, alieleza kwamba mkojo huo ni mtamu kana kwamba umetiwa asali (naam, waliuonja), na mwaka 1776 Matthew Dobson akathibitisha kwamba utamu huo ni sukari. Waganga wa India walikuwa wamekwisha kuuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiukimbilia.

Nilimweleza mjomba kwamba insulini, homoni ya kongosho inayosaidia sukari kutoka kwenye damu kuingia katika chembe za mwili, ikipungua, au mwili ukiacha kuitii, sukari hujaa katika damu hadi figo hushindwa kuirudisha yote. Inayovuka na kuingia kwenye mkojo huvuta maji, na hapo ndipo kiu na safari za usiku huanza. Nikaongeza kwamba asali nayo, hata iliyotoka kwenye mzinga wake mwenyewe, sehemu yake kubwa ni sukari zile zile.

Hilo la asali hakulijibu. Aligeuka akatazama nyuma ya bafu la nje, mahali ambapo tangu masika alikuwa akimwaga majivu.

"Kumbe wale sisimizi," akasema.