Stoo Inayoelea

Nimekuwa mtunza stoo kwa miaka 12. Kwa hiyo tulipotembezwa kwenye meli ya ugavi ya jeshi la majini, wenzangu walitaka kuona mizinga (ni michache kuliko walivyotarajia), mimi nikauliza paleti zinakaa wapi.

Simu tuliziacha mlangoni. Baharia aliyetupokea, mama mwenye sauti ya kushinda mashine, alituonya kwamba vizingiti vya milango ya meli viko juu, usipoangalia chini ugoko utakoma. Wangu ulikoma kabla ya saa nne asubuhi.

Chini ya sitaha ni ghala juu ya ghala, zenye baridi na za kawaida, na lifti za mizigo katikati. Za risasi na makombora hatukuzikaribia. Kila paleti imebanwa kwa mikanda, na hata kiti cha karani kimefungwa kamba mguuni. Kwetu kanuni ni moja: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Huku kuna nyingine inayogombana nayo, kwamba kitakachohitajika kwanza kipakiwe mwisho, la sivyo utahamisha nusu ya ghala katikati ya bahari ukitafuta boksi la filta. Nilimhurumia karani yule.

Lakini kazi yenyewe iko juu, kwenye kukabidhi mzigo. Wateja wao hawasimami. Meli mbili zinakwenda sambamba kwa noti 12 au 13 (yaani maili za baharini kwa saa), zikiachana kama mita 50, na maji yanayopita kwa kasi katikati yanazivuta zigongane. Bunduki maalumu inarusha kamba nyembamba ng'ambo ya pili. Hiyo inavuta kamba nene, nene inavuta waya, na mpira wa mafuta unapita ukining'inia kwenye waya huo. Meli zikiyumba, mtambo unauachia waya na kuukaza tena, usilegee wala usikatike.

Nilichopewa kushika ni kamba ya vipimo. Kila futi 20 ina kibendera cha rangi yake. Vilikuwa vimefifia kwa chumvi, na cha njano kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Inanyooshwa kati ya meli mbili, na walio kwenye usukani wanasoma umbali kwa macho tu. Usiku wanaifunga vitaa. Rada wanazo, na bado kibendera kile kinashonwa.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1917 meli ya mafuta ya Marekani, Maumee, ilizijaza manowari zilizokuwa zikivuka Atlantiki bila kusimama, na mmoja wa maofisa waliopanga namna ya kufanya hivyo ni Chester Nimitz, yule aliyekuja kuwa admirali mkubwa wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu wa ugavi, naomba ikumbukwe.

Wakati wa kushuka nilimuuliza yule mama swali lililonikaa rohoni tangu asubuhi: mzigo ukishafika ng'ambo na boksi moja halionekani, nani anasaini?

Akacheka. "Karatasi zinapita kwenye waya uleule. Ubishi unapita kwenye redio."