Nilivyowabana wapenda maksi za bure kwenye kazi ya kikundi

Chuoni kwetu wawili tunakesha, wengine wanaleta namba ya usajili tu iandikwe kwenye jalada. Ukiuliza kwenye grupu la WhatsApp unajibiwa "tuko pamoja".

Muhula uliofuata nikahamishia kazi Google Docs (hati ya mtandaoni ambayo wote tunaiandika kwa pamoja), kila sehemu na jina la mwenyewe juu yake. Historia ya matoleo inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, kwa hiyo ubishi hakuna. Nikaipiga picha, nikaitupia kwenye grupu bila neno. Usiku uleule aya zikaanza kuingia (nyingine za kunakili, lakini angalau!). Mmoja aligoma kabisa. Tukamwendea mhadhiri na historia ile mapema, kabla ya kukusanya, si baada ya matokeo. Akampa kazi yake peke yake.