Kishikwambi cha Linux: nilivyokichagua mjini Nairobi

Nafundisha hesabu, na jioni nina wanafunzi wa ziada ninaowafundisha kupitia intaneti. Hesabu haiandikiki kwa kibodi. Nilitaka kifaa cha kuandikia kwa kalamu wanafunzi wakiona, halafu nipachike kibodi nikitunga mtihani. Laptopu yangu imekuwa ya Linux, mfumo endeshi huria, miaka mingi, na sikuwa na nia ya kurudi Windows kwa ajili ya kalamu tu.

Vishikwambi vya Android vimejaa Luthuli Avenue na bei yake inavutia, lakini nilivipita. Vingi vinatumia chipu za ARM, za aina ileile ya simu, na mfumo wa kuwashia umefungwa na mtengenezaji. Hakuna flashi moja ya Linux inayowaka kwenye vyote kama ilivyo kwa kompyuta za Intel. Nikavipita pia vile vidogo vya Windows vya Intel Atom, vya 2013 hivi: prosesa ni ya biti 64 huku UEFI, programu inayokiwasha kifaa, ikiwa ya biti 32, kwa hiyo flashi nyingi hazionekani hata kidogo, na ukifaulu unajikuta na RAM ya GB 2.

Zilizobaki ni zile za maofisini, zinazouzwa huku kama ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza: ThinkPad X1 Tablet, Dell Latitude 5285 na 5290 2-in-1, HP Elite x2, na Surface Pro. Hiyo ya mwisho ni nzuri mkononi, sikatai. Ila kuanzia Surface Pro 4, kioo cha kugusa kinadai kerneli (kiini cha Linux) ya mradi wa linux-surface pamoja na programu iitwayo iptsd. Wapo wengi wanaoishi nayo vizuri. Mimi sikutaka kila sasisho likija nianze kuuliza kama kalamu bado ipo. Elite x2 1012 G2 na X1 Tablet ya kizazi cha tatu zinatumia kalamu ya Wacom, na dereva yake, programu inayoiendesha, iko ndani ya kerneli ya kawaida.

Nikatia Fedora, toleo mojawapo la Linux, kwenye flashi na kupanda ngazi za jengo moja la Moi Avenue. Kijana wa duka aliniangalia kwa shaka.

“Bosi, unataka kuiflashi kabla ya kulipa?”

“Siigusi diski yako. Inawaka kutoka kwa flashi, nikiitoa Windows yako iko palepale.”

Ya kwanza ilidai nenosiri la BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia, mara tu nilipotaka kuingia. “Hiyo fundi atatoa,” akasema. Nikairudisha mezani. Mashine iliyotoka kampuni fulani ikiwa bado na nenosiri hilo, huenda usiweze kuiwasha kwa flashi wala kubadilisha chochote, na kuling'oa si kazi ya dakika mbili kama wanavyokuambia.

Ya pili, Elite x2 1012 G2, ilikubali F9, kitufe cha kuchagua iwake kutoka wapi, na Fedora ikaja. Hapo sikuharakisha. Nilichomoa kibodi na kukigeuza kifaa wima: picha ikageuka nacho, maana yake kipima mwelekeo kinasomwa. Nikagusa sehemu ya kuandika, kibodi ya kioo ikajitokeza. Nikaweka kiganja juu ya kioo na kuandika kipeo cha pili kwa kalamu. Kiganja hakikuacha alama. Wifi ikaona simu yangu. Kisha nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika upower -d, inayolinganisha chaji ambayo betri inabeba leo na ile iliyozaliwa nayo. Asilimia 71. Kijana hakuwa ameona namba hiyo kabla, nami nikaitumia kuteremsha bei kwa elfu tatu.

Kamera sikuipa uzito, wanafunzi wanaangalia ubao. Anayeihitaji aandike lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB: kamera ikitokea humo, kwa kawaida haisumbui. Ikiwa haimo, na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani, inataja “Imaging Unit”, ajiandae kwa kazi ya ziada ya libcamera, programu ya kuendeshea kamera za aina hiyo.

Kioo chake cha inchi 12.3 kina pikseli 2736 kwa 1824, hivyo niliweka ukubwa wa asilimia 200 na maandishi yakasomeka bila kukunja uso. Ninaandika kwa programu ya Xournal++, juu ya PDF ya maswali yenyewe. Kibodi ni ya Uingereza, kwa hiyo alama ya pauni iko juu ya 3. Ukichagua mpangilio wa Marekani wakati wa kusakinisha, alama kadhaa hazitalingana na vitufe. Kuhusu usingizi wa kifaa, soma faili la /sys/power/mem_sleep. Ikiwa imeandikwa s2idle (usingizi mwepesi) bila deep (usingizi mzito), kifaa kikilala kinaendelea kunywa betri. Mimi nakizima kabisa usiku. SSD inakiwasha kabla mwanafunzi wa kwanza hajamaliza kusema “shikamoo mwalimu”.